Mguu wa Kushoto

Magari mawili, rangi moja, kijivu cha mvua ya Koblenz,
yamepangwa uani kwa Lüttich kama pacha walionuniana.
Milango minne hili, milango minne lile,
injini ile ile, taa zile zile za macho makali.
Chungulia chini ya usukani:
hili lina pedali tatu, lile mbili.
Ugomvi wao wote uko hapo.

Lüttich ananihesabia kwa vidole.
Lile lina gia nane, hubadilisha hujapepesa jicho,
hunywa petroli kwa adabu,
na siku ya kuliuza, wanunuzi watalipigania.
Na hili la gia za mkono?
Anashusha sauti kama mtu aliye wodini.
"Kiwanda hakitoi tena, Bwana Oberkirch.
Hilo ndilo kitinda mimba."

Mimi gia nilifunzwa kwa masikio.
Dada yangu Roswitha, gari la mikate la baba,
barabara za Hunsrück saa kumi na moja alfajiri,
mikate ya moto ikiteleza nyuma yetu kila kona.
Alibandika karatasi juu ya mishale ya dashibodi.
"Usitazame. Sikiliza.
Injini ikipanda hadi la, tia ya tatu.
La ni la. Imekataa, usiibembeleze."
Miaka arobaini na moja sasa nakaza nyuzi za piano za watu
kutoka Cochem hadi Boppard,
na bado noti ile nikiigusa
mkono wa kulia hunicheza,
watafuta kirungu cha gia.

Lakini goti.
Goti la kushoto lilipasuliwa Machi,
lina skrubu mbili na maoni yake.
Darajani asubuhi, foleni ya nusu saa,
klachi chini, klachi juu, mita tano, klachi chini,
hapo nalo husema la,
tena bila kupanda ngazi.

Nikalijaribu lile la pedali mbili.
Taa ikawaka kijani, mguu wa kushoto ukashuka wenyewe
kutafuta klachi, ukakuta zulia:
kimya cha kibonyezo ambacho uzi wake umekatika.
Gari likapanda. Fa, so,
kisha, laini, bila kuniuliza, likarudi re.
Mara tatu nililisukuma, mara tatu likaniwahi.
Gari lenye adabu zote, lisilojua kusema la.

Nilishuka nikiwa nimekwisha amua.
Kalamu ya Lüttich mkononi: la mkono,
goti shauri yake.

Irmhild alikuwa bado ameketi ndani ya lile.
Amehamia kiti cha dereva.
Irmhild, ambaye miaka kumi na mmoja iliyopita,
mlimani Ehrenbreitstein, kwenye taa nyekundu,
gari langu lilimzimikia mara nne,
honi nyuma yake kama arusi ya wendawazimu,
akaacha ufunguo, akaacha mlango wazi,
akarudi nyumbani kwa miguu
na usukani hakuugusa tena.

"Panda," aliniambia.

Kumbe ndivyo anavyoendesha.
Tulivuka mto, tukaipita mizabibu iliyopogolewa,
na mwinuko wa kwanza alikanyaga mpaka chini,
kiatu chake cha kanisani, chini kabisa.
Gia nane zikasahau adabu:
fa,
so,
na juu ya so, ndefu, wazi,
sahihi kuliko uma wangu wa chuma, la.

"Umesikia?"

Nilisikia. Kalamu ya watu
ilikuwa ingali mfukoni mwangu.
Upande wa abiria, mguu wangu wa kushoto
ulikanyaga zulia, taratibu,
na ya tatu, nadhani, ikaingia.